Utando wa Kijani Kwenye Pipa

Mdogo wangu Eliya,

Nakusalimu kutoka Kariakoo kwenye joto lisilo na adabu, nimekaa juu ya robota la mitumba. Tangu biashara iachiwe huru, duka la Baba Mdogo limejaa mpaka mlangoni.

Jana nilikuwa nasugua utando wa kijani kwenye pipa la maji uani. Mpangaji mwenzetu, Mwalimu Kishor wa baiolojia, akanizuia. "Ngoja, dada! Hao ni bakteria, wanajipikia chakula kwa jua." Kumbe ndani yao kuna kimeng'enya cha kunasa hewa ya ukaa, ila ni kizito mno, kazi yake polepole, tena hukosea kikanasa oksijeni.

"Sasa si wakifukuze?"

Akacheka. "Wanakijengea kachumba, wanaivuta hewa ya ukaa majini na kuirundika humo. Hapo kinafanya kazi vizuri."

Nikakukumbuka wewe, unayetaka kuacha shule kwa sababu mwalimu wako kakuita mzito mbele ya darasa zima.

Leo nimeyatoa marobota kwenye stoo ndogo. Ina dirisha, na mlango unafungika. Meza nimeshaweka. Likizo ikianza, njoo na vitabu vyako vyote. Pipa sijalisugua, nakungoja ulione.

Dada yako akupendaye,
Ndeshi