Msomaji Prufu Aliyeozwa na Alama ya Kuchopeka

Mpendwa Bi Faouzia wa safu ya ushauri, naomba uniokoe kabla baba hajarudi kutoka Gabès, maana kitabuni nimeshaolewa na nyumbani bado ni mwali. Mimi ni Olfa Ghorbel, msomaji prufu katika kampuni ndogo ya vitabu hapa Sfax, na meza inayokabiliana na yangu ni ya Anwar Kammoun, kijana mpole ambaye masikio humwiva mekundu hata ukimwomba kalamu. Tulisahihisha pamoja kitabu cha mapishi ya samaki, na kwenye ukurasa wa shukrani, kati ya jina langu na lake, Anwar akachora alama yetu ya kuchopeka, kile kipaa kidogo kama cha nyumba kinachosema hapa pana neno limesahaulika, na neno lenyewe huandikwa juu yake, lakini yeye juu hakuandika kitu! Bwana Mongi, fundi wetu wa kupanga kurasa, mtu wa mizaha, akalijaza pengo mwenyewe, na kitabu kimeingia madukani: "Olfa Ghorbel, mke wa Anwar Kammoun." Shangazi kapiga vigelegele kwenye simu, mama ameshaloweka lozi za vitamutamu vya harusi, nami nikamvaa Bwana Mongi, akacheka: "Binti yangu, alama ni amri! Ningeliacha pengo tupu mngesema nimezembea." Nikamgeukia Anwar: "Ulitaka kuchopeka nini pale?" Masikio yakawaka. "Nilikuwa... bado nalitafuta neno," akasema, akatoka mbio, akasahau koti. Bi Faouzia, nikanushe au ninyamaze? Nacheka peke yangu barabarani kama punguani!

Olfa

Olfa mwanangu, pole, na koma kuchekacheka ukivuka barabara, utagongwa. Bwana Mongi amefanya uhuni. Jina la binti wa watu halichezewi, na mwenye kampuni abandike sahihisho katika kila nakala iliyobaki, kesho asubuhi, bila mjadala. Hakuna anayeolewa kwa kosa la uchapaji.

Sasa Anwar. Alama ile maana yake ni kwamba kuna kitu kinakosekana. Kama ni "na" tu, kineno kidogo vile, msomaji prufu mzima hakitafuti mpaka akasahau koti! Lakini usimjazie wewe. Mpelekee koti lake, muulize: "Anwar, wanitaka?" Kisha nyamaza, hata akigugumia. Nawe jiulize, maana masikio yake umenieleza mara mbili, na hujasema popote kwamba humtaki. Mkikubaliana, wazazi wake wabishe hodi kwa baba yako wiki hiyohiyo. Na siku ya harusi, mtakapomruka samaki kwa baraka kama ilivyo desturi yetu Sfax, mimi niwekeeni kiti cha mbele.