Jino la Akinyi

Landi za reli, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mdogo wangu Awuor, mama yake Akinyi,

Mkono wangu umefika hapo mlangoni kwako, ushike. Sisi huku tuko, hata Akinyi yuko, na kabla mwalimu hajaendelea kukusomea, akuambie mara mbili: Akinyi yuko, anakula. Mwalimu, mwambie tena. Sasa keti, kwa sababu maneno ni mingi.

Anayeniandikia ni Bwana Mutua, karani wa stoo ya reli, jirani yetu. Ni Mkamba, lugha yetu hasikii, ndiyo maana nasema hii Kiswahili yangu ya landi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, na mwalimu atakugeuzia. Ameniambia nisikimbie na nisirudie. Nimemwambia aandike tu.

Nyinyi mko namna gani? Ule mguu wako wa kushoto ulipona? Mvua imeshuka? Hapa hakuna, ni upepo tu, inatoa vumbi nyeupe huko ziwani na kuweka kwa nguo zote nimeanika, kwa uji, kwa macho. Nguo zinarudi ndani chafu kuliko vile zilitoka. Lakini si hiyo nilitaka kusema.

Ni Akinyi. Ulimleta kwangu ajifunze cherehani, na anajifunza, hii gauni nilivaa leo kanisani ni mkono wake. Basi, wiki tatu sasa zimepita, aliamka ameshika shavu. Nikafikiri ni jino imeoza, nikamwambia asukutue na maji ya chumvi. Siku ya pili shavu imefura kama ametia kiazi ndani. Siku ya tatu taya ikafunga. Awuor, ilifunga. Hata kidole changu haikuingia. Mwili moto, jasho, na anaongea na meno imebanana kama mtu amekasirika.

Nilipika uji, nikalegeza kama maji, nikaanza kumwaga kwa upande wa shavu. Nusu inashuka shingoni. Hapo nikasema neno, na nataka ulisikie kwangu, si kwa mtoto. Nilisema, "Mama yako angekubali utolewe meno ya chini kama mimi, saa hii uji ungepita." Kwa sababu unajua, wazee walitoa watu zile sita za mbele ili siku taya inafunga mtu asife njaa. Mimi na pengo langu ningekunywa sufuria nzima. Mtoto alinitazama tu, machozi ikatoka. Nikaona haya, lakini neno ilikuwa imetoka.

Tukaenda hospitali. Dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Mluhya wa kupenda mzaha, akabonyeza shavu, halafu Akinyi akapigwa ile picha ya kuona mifupa. Dresa akaiinua kwa dirisha nione: gego ya mwisho, huko nyuma kabisa, haikusimama kama zingine. Imelala ndani ya nyama kama mtu amelala kwa mlango, anasukuma wenzake na miguu. Chakula inaingia hapo, inaoza, taya inafunga. Akasema, "Hii ndiyo jino ya akili, mama. Atapigwa sindano siku chache taya ifunguke, halafu daktari aitoe."

Jino ya akili. Nilisimama, Awuor. Nikamuuliza, akishatolewa hiyo atabaki na nini. Nikamwambia huyu ni mtoto wa watu, nilipewa na akili yake yote, anakata kitambaa kwa macho bila kupima, sasa mkimtoa akili nitamrudishia mama yake nini, gunia? Nikamshika Akinyi mkono tukarudi nyumbani. Hata sindano sikungoja.

Hapo ndipo kosa langu iko. Siku mbili nzima. Ile kufura ikashuka chini ya kidevu, ikafika shingoni, mate anameza kwa shida, pumzi ikaanza kuwa na sauti. Mwanangu Odhiambo aliporudi safari ya reli akamwona hivyo, hakunisalimia hata. Alimbeba. Mimi nikafuata nyuma na leso imekaa upande.

Yule dresa hakunigombeza. Alifungua mdomo wake mwenyewe, akanionyesha huko nyuma mahali hakuna kitu.

"Zangu zilitolewa mwaka juzi," akasema. "Naonekana mjinga?"

Nikamwambia bado ninaangalia. Akacheka. Ndipo akaniambia hiyo ni jina tu, kwa sababu jino hiyo inaota mtu akishakuwa mkubwa, akishapata akili. Akasema na mimi nifungue aone yangu iko wapi. Akatafuta, akatafuta, akasema kwangu haikuota kabisa. Wagonjwa wote kwa benchi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Labda ni kweli.

Alipigwa sindano siku tano. Taya ikafunguka kidogo kidogo mpaka vidole viwili ikapita. Halafu wakaleta karatasi ya mzazi kukubali. Mzazi ni wewe, na barua mpaka ikufikie ni siku ngapi. Nikaweka kidole gumba kwa niaba yako, Awuor. Nilitetemeka, wino ikaenda mpaka pembeni.

Waliniacha nikae nimshike mkono. Daktari wa meno ni Mhindi mzee, mpole. Akampiga sindano ya ganzi, akangoja, akapasua nyama, halafu akavunja ile jino vipande viwili na kitu kama patasi ndogo. Akinyi hakusikia uchungu, lakini ile kugonga aliisikia. Alinifinya vidole. Na hiyo sauti mimi niliijua.

Niliona uwanja wa baba. Asubuhi, mimi nimelala chini, shangazi ameshika kichwa changu, na yule mzee wa kutoa meno na chuma yake. Hakuna ganzi. Na wewe, mdogo hivi, umesimama na kibuyu cha maji ya mimi kusukutua. Kwa jino ya tatu ulitupa kibuyu ukakimbia. Walikutafuta mpaka jua ikawa kichwani. Zamu yako ilipofika ukakimbilia misheni. Miaka hii yote nimekuita mwoga, na ulipokataa Akinyi atolewe nikasema mbele ya watu kanisa imekula kichwa chako. Haikuwa kanisa. Ulinisikia mimi.

Na mimi huambia watu kwamba siku hiyo sikulia. Nimeambia mume wangu, watoto, hata huyu Mutua. Wewe ulikuwa hapo, na hujanikatalia hata siku moja mbele ya mtu.

Jino nimeosha, vipande vyote viwili, nimefunga na kitambaa, iko ndani ya bahasha. Ni ya mtoto wako, utajua pa kuiweka. Zangu sita hata sijui zilienda wapi.

Salimia shemeji yangu, baba Akinyi, umwambie akili ya binti yake haikutoka, jana ameniambia mshono wangu ni wa kipofu. Salimia mke wa kaka yetu, yule wa vyungu. Salimia mama mkwe wako na umsemeshe kwa sauti. Mwalimu, asante kwa macho yako.

Bwana Mutua ananiuliza kama nataka aandike pole. Nimemwambia aandike hivi: nililia. Utaelewa.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Atieno

Hii alama ni kidole changu, leo haikutetemeka.