Maini ya Swala Ndani ya Frigo

Papa,

Watu wananiuliza kama niko sawa. Nasema niko sawa, na si uongo, sababu sisikii kitu. Naenda kazi kwa biro, narudi, napika. Maman anashinda kwa dada yake kule Mudaka. Nguo zako niligawa mimi mwenyewe, bila hata chozi.

Muzee Bahati wa Nyangezi, mwenzako wa uwindaji, alikuja kisha kilio chako kuisha. Yeye na wawindaji wenzenu walishuka uwanda wa Ruzizi sababu yako, wao na mbwa wao. Anasema siku hizi kule ni mashamba ya mihogo na ng'ombe tu, ile sehemu kavu ya majani na miiba imebaki kidogo. Walitembea juani mpaka kaswala kamoja kakaruka mbele ya mbwa, kakaingia ndani ya wavu. Kalikuwa kadogo, Papa. Ungewacheka.

Aliniletea maini, yamefungwa ndani ya majani ya mugomba. Desturi yenu unaijua kunishinda: muwindaji akikufa, hakuna mutu anashika pembe yake ya wavu mpaka mutoto wake mukubwa akule maini ya nyama ya kwanza wenzake wameua. Akikula, amekubali. Na wavu wenye pembe moja wazi hautegwi, kwa hiyo wazee wote walikuwa wananingoja mimi.

Nikasema asante. Nikaweka maini kwenye frigo, chini ya samaki sambaza, yakaganda.

Ndiyo, Papa, frigo. Muzee Bahati akapiga simu: "Nabintu, umekula?" Nikamujibu bado, niko na kazi mingi. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nafungua ile frigo, naona yale majani, nafunga. Niliwaza hivi: yakikaa pale, wewe bado uko uwandani, umeshika pembe yako, unawaambia wenzako, "Nyamazeni, iko inakuja." Sikutaka ukufe. Hilo tu.

Kisha umeme ukakatika. Bukavu yetu unaijua, lakini safari hii haukurudi kabisa. Maji mekundu yakaanza kutoka chini ya frigo. Ningeyaacha yaoze, ningekuwa nimekutupa na takataka. Nikawasha makaa ndani ya mbabula, nikachoma yale maini na chumvi tu, vile ulikuwa unatuchomea ukirudi, ukinikatia kipande na kusema, "Kula mbiyo, Maman asione." Nikakula yote, nimesimama. Yalikuwa machungu kidogo. Sikusikia kitu.

Nikamupigia Muzee Bahati, nikamwambia nimekula. Akasema, "Asante, mutoto wetu. Basi na sisi tunaweza kumulilia."

Sikujua, Papa. Hakuna mutu aliniambia kwamba wawindaji hawaruhusiwi kumulilia mwenzao mpaka mutoto wake akubali. Kwenye kilio niliwaona wamekaa macho makavu, nikasema moyoni, hawa wazee wana roho ngumu. Kumbe walikuwa wananingoja. Muzee akalia kwenye simu, na mimi nikamusikiliza mpaka akamaliza.

Kwaheri, Papa yangu. Kiangazi nitashuka na wao. Wavu sitaushika, miguu yangu ya biro unaijua. Nitasimama tu karibu na pembe yako, na machozi yakikubali kuja, nitakulilia palepale. Ulale vizuri. Umekufa, na mimi nimekubali.

Nabintu wako