Mume Mdogo wa Mama

Takoradi, 3 Februari 1994

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi ya mgahawani inanitoa jasho.

Mwalimu wa chekechea ya huko Sunyani amenipigia simu kazini. Kwaku amemng'ata mtoto mwingine, wa tatu sasa, na alipokanywa akajibu, "Mimi ni Nana Ampofo, nani ataniuliza?" Mama, ana miaka minne! Kumpa mwanangu jina la marehemu baba, Ampofo, nilikubali. Lakini kumwita "mume wangu", kumkalisha kwenye kiti cha baba, kumpa firigisi, halafu akitupa bakuli unasema "samahani, Nana", kama vile ni mzee wa heshima? Sitaki apigwe. Nataka aambiwe hapana. Aking'ata tena, shule basi.

Binti yako,
Serwaa

Sunyani, 20 Februari 1994

Mwanangu Serwaa,

Hujambo? Mimi sijambo, goti ndilo lenye kiburi. Mume wangu anakusalimu, anakula vizuri.

Ukali wako nimeuonja. Tangu lini Nana akakemewa? Nikimkaripia mwenye jina lile, majirani watanicheka. Wewe ulikwenda kutafuta, mlezi ni mimi. Au huko Takoradi watoto siku hizi wanalelewa kwa barua?

Mama yako

Takoradi, 9 Machi 1994

Mama,

Salamu, na goti lipone.

Kwaku amefukuzwa shule, nami nimesikia kwa mwalimu, si kwako. Nimechoka, mama! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ulinifunza wewe, kwa mwiko. Mimi nikimwaga maji tu nilikuwa nachapwa. Yeye anavunja vyombo unamwomba radhi. Unamwogopea nini? Nijibu.

Serwaa

Sunyani, 28 Aprili 1994

Mwanangu Serwaa,

Natumai u mzima. Nimekawia, nisamehe. Uliniuliza naogopa nini.

Jumapili niliandaa fufu, supu ikapoa. Mwanao akapanda juu ya kile kiti, akainua mkono: "We mwanamke, hiki ni chakula gani?" Maneno ya babu yake hayo. Mimi mwenyewe nilimsimulia, tena nikicheka.

Nikajikinga uso, Serwaa. Kwa mikono yote miwili, mbele ya mtoto wa miaka minne.

Wewe ulimjua baba yako akiwa ameoga, ananukia, anakwenda kanisani. Mengine nilihakikisha huyaoni. Jina lile niliomba mimi mtoto apewe. Nilidhani safari hii litanipenda.

Nilipoondoa mikono, alikuwa analia. Nilikuwa nimemtisha. Nikamshusha, nikamwambia, "Kwaku, hapana. Mimi ni bibi yako." Akaning'ata kidole. Nikasema tena hapana. Tangu siku hiyo anauma na mimi nasema, na majirani wameshaanza kucheka. Wacheke.

Lakini sauti yangu inatetemeka, naye anaisikia. Neno hilo "hapana" sijawahi kumwambia mwanamume yeyote, mwanangu. Njoo utufundishe sote wawili.

Mama yako