Rauta ya Antena Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Maziwa yamefurika jikoni wakati nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. Nimelifuta jiko mara mbili, bado linanuka.

Resti aliingia kwa mlango wa nyuma, bila hodi, kama kawaida yake. Akaniambia Anjela amekata nywele. Zimemkaa vizuri, alisema.

Mwanangu kakata nywele, naambiwa na mdogo wangu.

Resti amepanga nyumba ya jirani, tunatenganishwa na ua wa michongoma tu. Tangu aweke intaneti isiyo na waya, kila Jumamosi saa kumi jioni anaongea na Anjela kule Pune, ng'ambo, anakosomea famasia. Anamwona uso kwenye kompyuta. Mimi nanunua vocha, na inakatika nikiwa bado nauliza kama anakula. Resti alinialika niende kwake Jumamosi. Nilisema nina kazi. Akaniandikia namba ya siri ya mtandao wake, maana unafika hadi barazani kwetu. Nilimshukuru. Alipotoka nikaichana karatasi.

Resti hana mtoto. Najua. Na bado namwonea wivu. Hakuna anayesoma humu, basi niandike: wivu mtupu.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wa kampuni ya simu wamekuja kuunga intaneti kwenye laini yetu ya nyumbani. Wametuachia kiboksi chenye tundu la waya mmoja. Ukitaka isambae bila waya, walisema, nunua rauta.

Baba Anjela haoni sababu. Kompyuta iko sebuleni, simu iko sebuleni, waya mmoja unatosha. Hajakosea. Nilimwambia nataka kuongea na mwanangu chumbani, mlango umefungwa, kwenye ile laptopu mume wangu aliyopewa kazini. Hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba Resti anayo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nimeshinda madukani.

Nilianza kwa Bi Zuhura, karibu na soko. Niliwahi kumfundisha mwanawe hesabu, ananiheshimu. Hakunionyesha kitu mpaka aulize maswali. Nyumba ina vyumba vingapi. Kuta ni za nini. Umeme wetu ukikatika hurudi vipi, polepole au kwa kishindo. Nikamjibu: vyumba vinne, matofali ya kuchoma, kishindo. Akanitolea rauta moja ndogo nyeupe, antena moja, garantii ya mwaka mzima. Akasema bei yake si ya kuumiza, haichemki, nayo niiweke juu, katikati ya nyumba, na nitafute stabilaiza ya kuikinga na umeme. Halafu akaongeza kwamba mdogo wangu alichukua kama hiyo, na haijamsumbua hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza. Nikauliza kama ana yenye antena nyingi zaidi.

Bi Zuhura akanitazama. "Mwalimu, unainunulia nyumba yako, au unamnunulia mtu?"

Nilisema nitarudi. Sikurudi. Karibu na stendi kuna kijana mwenye kibanda cha simu na redio. Alikuwa nayo nyeusi, antena tatu, taa za buluu. Bei chini ya ile ya Bi Zuhura. Garantii hakuna, risiti hakuna. Nimeibeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 9 Agosti

Inafanya kazi. Taa zote zinawaka. Saa kumi nimemwona Anjela.

Amekonda. Nywele ni fupi kabisa. Nilimwambia amekuwa kama mvulana. Akajishika kisogo. Nikamuuliza mitihani, nikamuuliza kanisa, nikamkumbusha asinunue vyakula vya barabarani. Alijibu yote. Aliniangalia kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema, nami sikumpa.

Mwisho nikamwambia sasa kwao ipo, awe anapiga hapa. Asimsumbue tena mama mdogo, ana kazi zake.

"Sawa, mama," alisema.

Dirisha la jikoni linaona sebule ya Resti. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, amechana nywele. Alisubiri mpaka saa kumi na mbili. Halafu akaifunga.

Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, sitaandika vingine.

Jumanne, 12 Agosti

Rauta inazima na kuwaka yenyewe. Chumbani mtandao haufiki, labda nikae ukingoni mwa kitanda, upande wa mlango. Rauta yenyewe inachemka kiasi cha kupashia chapati.

Sijasema neno. Baba Anjela naye hajasema neno. Afadhali angesema.

Alhamisi, 14 Agosti

Resti amekuja, safari hii kwa mlango wa mbele, na kapiga hodi. Aliuliza kama Anjela ni mzima. Nikasema mzima, ana mitihani, hana muda wa kuongea na watu. Nimetumia neno hilo. Watu.

Alisimama pale kama mwenye jambo. Sikumkaribisha kiti. Akasema basi, nimsalimie, akaondoka. Alikuwa na kikapu cha parachichi kutoka kihambani kwetu Uru, shamba la ukoo, akakiacha mlangoni. Parachichi nzuri. Sijaonja.

Jumamosi, 16 Agosti



Asubuhi Anjela alituma ujumbe: mama nina jambo, nitapiga saa kumi, baba awepo. Umeme ukakatika saa saba. Ukarudi saa tisa na nusu, kwa kishindo. Pakasikika mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki. Antena tatu, na hakuna hata taa moja.

Baba Anjela akachukua waya ule mmoja, achomeke moja kwa moja. Kiboksi cha kampuni ya simu nacho kimeungua. Nikapiga kwa simu ya mkononi. Anjela alipokea haraka. Alisema, "Mama, usiogope, Jumanne naingia chumba cha upasuaji," na vocha ikaisha.

Nilitoka bila viatu. Sikuzunguka njiani, nilipenya michongoma. Resti alikuwa anafua. Aliponiona akajua.

"Dada, kaa kwanza."

Sikukaa. Nilimwambia anieleze nikiwa nimesimama. Anjela ana uvimbe kwenye titi. Aliugundua mwezi uliopita. Madaktari wanataka kuutoa na kuupima. Aliyeambiwa wa kwanza ni Resti.

Ule wivu ulipanda, hata pale, hata kwa habari ile. Nilisema, "Mimi ndiye mama yake."

"Najua, dada. Kila Jumamosi nilimwambia hivyo hivyo."

Akaeleza taratibu, mikono ina povu. Anjela alimwapisha asiseme. Aliogopa kwamba nitaanza kulia au kugomba kabla hajamaliza sentensi. Resti akambembeleza wiki mbili. Wakapatana kwamba Jumamosi ya tarehe tisa angekuja kuniita, tukae wote watatu, Anjela aniambie mwenyewe. Ndiyo maana alivaa vile. Alitaka kwanza asikie kwamba Anjela yuko tayari. Lakini siku ile Anjela hakupiga, na baada ya hapo hakupiga tena. Resti alidhani amemkosea.

Ningeweza kunyamaza. Asingejua kamwe.

Nikamwambia ni mimi niliyemkataza. Nikamwambia na sababu.

Resti aliosha povu, akafuta mikono kwenye khanga. Halafu akaingia ndani, akawasha kompyuta, akavuta kiti chake na kukiweka mbele ya kioo. Akaniambia nikae. Yeye akasimama nyuma. Baba Anjela naye alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi.

Uso wa Anjela ukatokea. Maneno yote ya kugomba yalikuja, nayajua kwa mpangilio. Kwa nini hukusema. Kwa nini mama mdogo. Mkono wa Resti ukatua mgongoni kwangu. Nikauliza moja tu, kama anaogopa.

Akasema ndiyo. Akalia. Niliacha alie, sikumkatiza.

Jumapili, 17 Agosti

Misa ya kwanza. Nimekaa benchi moja na Resti. Sikuweza kuomba, nilihesabu vigae vya sakafu. Nimemwomba radhi tukitoka. Akasema yameisha, lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyemaliza. Ana haki ya kuchukua muda.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeomba ruhusa shuleni. Tumeshinda kwa Resti, sisi watatu. Rafiki yake Anjela ameandika saa nane: ametoka, ameamka, anaomba maji. Majibu ya kipimo wiki ijayo.

Resti alipika. Nikala.

Jumamosi, 23 Agosti

Ameongea kidogo, amechoka. Tulikuwa kwa Resti. Bado silali vizuri.

Jumanne, 26 Agosti

Si saratani.

Alhamisi, 28 Agosti

Kampuni ya simu imetubadilishia kiboksi. Nimekwenda kwa Bi Zuhura. Nimechukua ile ndogo nyeupe, na stabilaiza, na risiti yenye muhuri. Hakuniuliza kilichotokea. Alifungua boksi, akaiwasha mbele yangu nione, akafunga tena.

Baba Anjela ameitundika juu kwenye korido, katikati ya nyumba. Inafika chumbani, inafika jikoni. Haichemki. Imenichukua muda mrefu kununua kitu nilichoshauriwa siku ya kwanza.

Jumamosi, 30 Agosti

Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, mlima hauonekani. Nimemwita Resti. Kaja kwa mlango wa nyuma.

Anjela anapona. Alionyesha bandeji, ndogo kuliko nilivyofikiri. Nimemwambia nywele zimemkaa vizuri. Zimemkaa kweli. Tukaongea nusu saa, na mara mbili nilimeza maneno. Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama anaweza kuongea na mama mdogo peke yake kidogo.

Nikainuka. Nikampa Resti kiti. Nikatoka na kuuvuta mlango mpaka ukafunga.

Jikoni nikaanza kumenya ndizi za supu ya mtori. Niliwasikia wakicheka, sikusikia ni kwa lipi. Kitu kikanichoma kifuani, si kikubwa, lakini kipo. Nikaongeza maji kwenye sufuria, maana Resti atakula hapa.