Zamu Mbili za Mama Nakijwa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kamati ya maji ya Myamba imeniomba nipange upya ratiba ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia ulilolisimamia hadi ulipotutoka. Nimekaa hapa Same na madaftari yako manane ya zamu za maji. Nimeyanakili yote kwenye kompyuta, na kazi ya kupanga nimemwachia msaidizi wa akili mnemba. Hana picha wala mapambo: naandika maagizo kwenye dirisha jeusi, anasoma mafaili, anaandika programu, na kabla ya kubadilisha chochote anaomba ruhusa. Ungempenda kwa hilo. Wewe hukuwa ukifungua maji bila kuuliza, "Aliyeko juu amemaliza?"

Jana asubuhi aliandika: "Mama Nakijwa ana zamu mbili kila wiki. Inaonekana ni kosa la kunakili. Nifute moja?"

Nikajibu ndiyo. Ratiba ikatoka safi. Ndipo nikaona kwamba kaya yetu haimo, tangu daftari la kwanza hadi la mwisho.

Nikampigia simu Mama Nakijwa, jirani yetu wa bondeni, nikamuuliza kuhusu zamu zake mbili. Alicheka kwanza.

"Mwandishi wa habari mzima, hujui habari ya kwenu? Ile ya Alhamisi ni ya baba yako. Shamba langu liko mwisho wa mfereji, maji yalikuwa yananifikia matone. Akaniambia, 'Chukua, ila usinitangaze.'" Kisha akauliza, "Mmeifuta, mwanangu? Mahindi yangu ndiyo kwanza yanatoa mbelewele."

Baba, nakumbuka maharage yetu yakinyauka wakati ya wengine ni ya kijani. Tulikuwa tumesimama shambani, mama amekununia. Nikakuuliza kwa nini. Ukapangusa jembe, ukasema, "Jua kali, mwanangu." Nilikuamini. Nilipokua nikaamua kwamba ulikuwa mkulima mzembe. Kwa hilo naomba radhi, maana sikulichunguza, na kuchunguza ndiyo kazi yangu.

Nilimwagiza msaidizi arudishe zamu. Akairudisha mara moja, akauliza: "Niandike sababu gani, ili isifutwe tena?"

Ukweli nilikuwa nao, na shahidi nilikuwa naye. Nikaandika: "Jua kali."

Ratiba inabandikwa Jumamosi. Pumzika, baba.

Binti yako, uliyemdanganya shambani