Ndoo ya Kamba Hai

Jumatatu, 1 Septemba
Nimemwogesha, nimemnyoa, nimemlisha uji. Akageukia ukuta kama kawaida. Miezi sita tangu kiharusi kimpige mume wangu. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuzika lakini unaenda. Daktari anasema ngazi anaziweza. Yeye ndiye hataki. Ghorofa tatu tu!

Anko Siva, mwenzake wa kuvua, amepiga simu. Granta, yule samaki wa madoa, wameanza kuingia bandarini. Nimempa habari. Akafumba macho. Basi nimetoa mshipi wake nyuma ya kabati. Nitavua mimi. Huyu mwanaume atashuka zile ngazi, atake asitake.

Jumatano, 3 Septemba
Nimenunua ngisi wa barafu duka la chambo. Nikamwekea mbele ya pua.

“Chambo ya kufa,” akasema. “Mwanzo wa msimu granta hagusi hii. Anataka kamba wa mchangani, mwenye iko na uhai.”

Maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Kanidharau, na nimefurahi.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimekata kibali cha kuchimba chambo. Foleni ndefu, miguu imevimba. Wenzangu saluni wamenicheka, eti msusi wa nywele ataanza kunuka shombo. Wacheke.

Jumatatu, 8 Septemba
Saluni imefungwa. Maji yamekupwa sana asubuhi, Anko Siva akanipeleka kwenye fungu la mchanga bandarini. Unachomeka pampu yake ya mkono kwenye tundu, unavuta, unamwaga mchanga, kamba anaruka. Matope mpaka magotini, kontena zinaning'inia kwa mbali. Nimepata ishirini na tatu. Nimechagua wakubwa wakubwa.

Nyumbani nimewaweka kwenye ndoo, nikawabadilishia maji safi. Kwetu Uvira, ziwani, tulifanya hivyo na samaki wadogo, wakaishi siku mbili. Kesho naomba ruhusa, naenda kuvua.

Jumanne, 9 Septemba
Wamekufa wote. Weupe, wamelegea. Nimekaa sakafuni bafuni nikalia kwa hasira.

Nikasikia mguu unaburuzika. Amekuja mwenyewe, ameshika ukuta. Akachungulia ndoo.

“Uliweka maji ya robinet? Eish, mama! Hawa ni ba bahari. Huku si Tanganyika!”

Sisi watu wa ziwani, maji ni maji. Ya kunywa, ya kufulia, ya samaki, yote unachota pale pale. Ya bomba hayana chumvi, nilisahau. Nikasubiri matusi zaidi. Badala yake akacheka, mdomo umepinda upande mmoja, mate yanamtoka. Akakiri kuwa mwaka wetu wa kwanza hapa naye aliwaua vilevile, akawatupa kabla sijaamka. Miaka tisa kanificha!

Jumatano, 10 Septemba
Ukuta tena. Hakula. Nilidhani jana imetuvusha. Leo nimemchukia, naandika ili nisimwambie.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimedanganya saluni kwamba nina kliniki. Nimerudi kwenye mchanga. Safari hii nimebeba ndoo ya maji ya bahari, mkono karibu ung'oke pale ngazini. Nimeifunika kwa kitambaa kibichi, nimeiweka kivulini.

Jioni nikaiweka kando ya kitanda. Aligeuka kutoka ukutani. Halafu mkono wa kushoto ukaingia ndani. Anamgusa mmoja, anamwacha. Huyu amevunjika gando. Huyu amelegea. Huyu mkubwa lakini mvivu. Kati ya kumi na tisa amepitisha sita. Anasema nachagua chambo kama nyanya za sokoni, naangalia ukubwa. Samaki anamfuata yule anayepiga mateke.

Nikamwambia basi kesho njoo uchague mwenyewe pale majini. Akasema hapana, watu watamwona. Kumbe ni hiyo tu! Nikamjibu watu wa bandarini wanaangalia mishipi yao. Akazima taa.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilitoka na ndoo bila kumbembeleza. Nimechoka kubembeleza. Nilikuwa ghorofa ya pili nikasikia mlango, kisha lile buruzo. Sikugeuka. Ningegeuka angerudi. Nikakaa kwenye ngazi nikingoja, ndoo mapajani. Alipofika kwangu jasho linamtiririka, akaniambia nisimwage maji ya kamba.

Tulitumia nusu saa mpaka chini. Anko Siva akatupakia garini, Mungu ambariki.

Pale ukingoni aliketi kwenye kreti. Ndoo kati ya miguu. Alikuwa ananichagulia kamba mmoja mmoja kwa kushoto, ananishikia, mimi namtia ndoana. Hakuangusha hata mmoja. Wapita njia walipita.

Hatukupata kitu. Samaki mmoja alimvuta kamba wa nne, akamnyofoa nusu. Lawama zote kwangu, eti nilikurupuka. Tumebishana njia nzima mpaka nyumbani.

Jumamosi, 13 Septemba
Mvua kidogo. Saluni imejaa, nimesuka vichwa vinne.

Kamba wawili waliobaki wako hai bafuni. Leo asubuhi amewaangalia kabla ya uji.

Tangu jana amenikataza kumwosha ule mkono wa kushoto. Sasa amelala, umetandazwa juu ya shuka langu safi, unanuka matope ya bandari. Nimeuacha.